Mavi ya chuma ni nini, na madini hutokaje humo?

Kwa sonara mmoja pale Nzega, dhahabu ikishayeyuka pamoja na boraksi, unga wa kuyeyushia uchafu, na kumiminwa kwenye kalibu, juu yake huganda kitu kama kioo cheusi. Hukigonga kwa nyundo, kikapasuka, akachukua donge lake. Vile vipande vya kioo havitupi. Huviweka kwenye kopo, na kopo likijaa huvitwanga hadi viwe unga, kisha huusafisha kwa maji kwenye karai. Chini hubaki chembe za njano, ndogo kama ulezi.

Kioo hicho ndicho mavi ya chuma, na jina ni hilohilo hata kama kilichoyeyushwa ni shaba au dhahabu. Watu hulichanganya na marudio, kosa ambalo mnunuzi hulilipia. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu; haujapita motoni, na dhahabu yake hufuatwa kwa sainaidi, kemikali yenye sumu inayoiyeyusha. Mavi ya chuma yamezaliwa na tanuri.

Tanurini, mawe na uchafu huyeyuka pia na kuelea, kwa kuwa ni mepesi. Shaba ni nzito mara 9 hivi kuliko maji, dhahabu mara 19. Mavi ya chuma hayafiki hata mara 5. Mazito huzama, mepesi hukaa juu. Lakini utengano huo haukamiliki, na hapa ndipo penye kiini cha jambo: madini hubaki humo kwa namna mbili tofauti.

Namna ya kwanza ni matone yaliyonaswa kabla hayajazama, kama zile chembe za sonara. Hayo yanahitaji kusagwa tu, kisha kuoshwa, au kufanywa yaelee kwa povu kama yafanywavyo mawe ya shaba yaliyosagwa. Namna ya pili ni ngumu zaidi: madini yameshikana na oksijeni na kuwa sehemu ya kioo chenyewe, kama chumvi ndani ya maji. Hapo hata ukisaga mwaka mzima hutaona kitu karaini. Lazima uyeyushe upya pamoja na makaa, ili kaboni ya makaa iyanyang'anye madini oksijeni, au uyeyushe kwa asidi.

Mfano mkubwa hauko mbali nasi. Anayevuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie, kisha akaenda kusini, hufika Lubumbashi nchini Kongo, ambako shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911. Mavi ya chuma yalirundikwa humo hadi yakawa mlima mweusi unaoonekana mjini. Yana shaba, kobalti (madini ya kutengenezea betri) na zinki. Kobalti nyingi imo ndani ya kioo, hivyo kiwanda kilichojengwa pale kiliyarudisha kwenye tanuri la umeme. Shaba na kobalti hutoka zimeungana. Zinki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 907 tu, hupaa kama mvuke na kukusanywa ikiwa unga.

Kazi hiyo hula umeme mwingi, ndiyo maana rundo linaweza kukaa miaka mingi hadi bei ya kobalti ipande.

Ukiuziwa gunia la mavi ya chuma, basi, chukua kopo moja, saga, osha. Usipokuta chembe, peleka sampuli maabara kabla ya kutoa pesa. Na usage kwa maji: vumbi lake huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto wasicheze karibu.