Je, wajua kwa nini mji wa kubuni hauanzi kuchorwa kwa barabara?

Mpwa wangu alinijia na karatasi mbili za A3 alizoziunga kwa gundi. Anatunga hadithi ya mji ambao haupo, mji wa mawe kando ya bahari, wenye sultani, majini na jahazi zinazopaa, na ameamua msomaji aikute ramani kabla ya sura ya kwanza. Alikuwa ameuchora kwa rula: barabara wima, barabara mlalo, nyumba zote sawa. Kisha akaniuliza, "Mjomba, mbona mji wangu unaonekana wa uongo?"

Ulimi uliniwasha nimjibu kwamba ni wa uongo kweli. Lakini swali lake lilikuwa na haki. Jahazi zinazopaa hazikunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni kwamba mji mzima ulifanana na trei ya mayai.

Mistari kunyooka haina kosa. Kule Tanga, Ngamiani ina barabara za namba, na ukielekezwa barabara ya nane huna haja ya kuuliza mara mbili, iko kati ya ya saba na ya tisa. Huo ni mji wa kweli, una watu wake na kelele zake. Ila mitaa ya namna hiyo inakwambia jambo moja kabla hujazungumza na mtu: palikuwa na mkubwa mwenye rula na amri ya kusema wewe jenga hapa, na wewe ondoka pale. Katika hadithi ya mpwa wangu mkubwa huyo hayupo. Sultani wake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mvivu ambaye hajatoka nje miaka saba. Sasa barabara hizo alizinyoosha nani?

Hilo ndilo linalomfanya msomaji asiamini, hata kama hawezi kulitaja. Kila mstari kwenye ramani ni matokeo, na jicho huona upesi mstari usio na chanzo. Kwa hiyo mchoraji anayejua kazi yake huziacha barabara mpaka mwisho kabisa na kuanza na vilivyozilazimisha.

Kwa kuwa tunakaa Bagamoyo, nilimchukua tukaenda ufukweni, upande wa soko la samaki, maji yakiwa yamekupwa. Pale unauona mji ulivyozaliwa. Mchanga unakwenda mbali, na maji ya magotini yanakwenda mbali zaidi. Jahazi na mashua havina tabu na maji haba: huingia na maji kujaa, hukaa juu ya mchanga yakitoka, na mzigo hushuka mabegani mwa watu. Meli kubwa haithubutu, hutia nanga huko nje. Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu yao, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa ramani ni wa maji: yakijaa yanafika wapi, yakitoka yanarudi wapi, na chombo gani kinaweza kusogea.

Ukipanda kutoka pwani unaukuta Mtaa wa India umelala sambamba na bahari. Mfanyabiashara hutaka mlango wake uwe karibu na mahali mzigo unaposhuka, na wote wakitaka hivyo, nyumba hujipanga zenyewe kuufuata ufukwe. Upande wa bara kuna Caravanserai, mahali walipopumzika wapagazi wa misafara ya Tabora na Ujiji, na kufika Ujiji ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mji huu una midomo miwili, wa bahari na wa bara, na njia kuu ndiyo koo linaloiunganisha. Nikamwambia mpwa wangu anionyeshe midomo ya mji wake. Alikuwa na lango moja, zuri, lenye simba wa dhahabu, linalotazama mlima usiokaliwa na mtu.

Tukakaa chini ya mwembe tukapiga hesabu, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mji wake una watu 20,000. Tuseme kila mmoja anatumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku: kunywa, kupika, kutawadha, na kuoga kwa kubania. Hizo ni ndoo 20,000 kila siku. Kisima kimoja, watu wakiteka ndoo moja kila dakika bila kupumzika kwa saa 12, kinatoa ndoo 720. Gawanya, unapata visima 28. Yeye alichora kimoja, katikati ya uwanja, chenye sanamu ya jini.

Visima 28 vinaipindua ramani yote. Kila kisima huvuta vijia kutoka pande zake zote, vilivyochongwa na miguu ya watu wenye ndoo kichwani, na mtu mwenye ndoo kichwani hakubali kuzunguka kona mbili kama anaweza kukata mshazari. Nyumba zikijengwa baadaye kandokando ya vijia hivyo, tayari umepata vichochoro vilivyopinda bila kuvipinda kwa makusudi. Karibu na kisima kutakuwa na msikiti, kwa sababu ya udhu. Karibu na msikiti, baraza. Na penye baraza muuza kahawa hachelewi.

Ukubwa nao ulikuwa umemponyoka. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani ya mipaka ya urithi wa dunia, una hekta 96 hivi. Mji wa kale wa Lamu ni kama hekta 16 tu. Kwa skeli ya 1:5,000, sentimita moja ni mita 50, hivyo hekta moja ni kijiraba cha sentimita 2 kwa 2. Lamu yote inaenea kwenye mraba wa sentimita 8, kiganja cha mkono. Mji Mkongwe haufiki sentimita 20 kila upande. Karatasi zake mbili, kwa skeli hiyo, ni zaidi ya hekta 600, na alikuwa amezijaza nyumba mpaka pembeni. Watu 20,000 humo wangesalimiana kwa baragumu. Tukakubaliana mji uchukue pembe moja ya karatasi, na kote kulikobaki kuwe minazi, mashamba ya mpunga, mikoko na makaburi. Mji unaolishwa na hewa tupu ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya mji usio na maji.

Kwa skeli hiyohiyo, kichochoro cha mita 3 kina upana wa nusu milimita na ushee. Kuta zake mbili hazichoreki humo kwa kalamu ya kawaida. Ndiyo maana wachora ramani, hata za miji iliyopo, huzinenepesha njia makusudi ili zionekane. Kijana alidhani ramani yenye mambo mengi ni ile inayoonyesha kila dirisha. Kama anataka nyumba zenyewe, achukue karatasi nyingine, achore mtaa mmoja kwa 1:500, na hapo akumbuke boriti za mikoko. Kwenye nyumba za mawe za pwani yetu boriti ndizo zilizobeba dari, na kwa kuwa haziendi mbali, chumba huwa na upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kikarefuka upande wa pili. Ukumbi wa sultani wenye upana wa mita 30 unawezekana, lakini nione nguzo. Au nione jini amelishika paa. Nitakubali lolote kati ya hayo mawili.

Kuna jambo la upepo ambalo wachoraji wengi hulinakili kutoka mbali bila kulipima. Ulaya ya Magharibi upepo mwingi hutoka magharibi, kwa hiyo ushauri unaozagaa ni kuwaweka watengeneza ngozi na wenye matanuri mashariki mwa mji, harufu iende zake. Uchukue ushauri huo uulete pwani yetu uone. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini mashariki, na bahari yetu iko mashariki. Pepo zote mbili zinatoka upande wa bahari! Ukiweka tanuri la chokaa mashariki, moshi unaingia sebuleni kwa sultani mwaka mzima. Huku kwetu vinavyonuka hukaa upande wa bara, na mwenye nacho hujenga akitazama maji.

Na misikiti haifuati barabara. Makka, ukiwa Bagamoyo, iko karibu kaskazini kamili, hivyo mji wa Waislamu wa pwani hii una dira iliyofichwa ndani ya ramani yake: mitaa inapinda itakavyo, lakini misikiti yote inatazama upande mmoja, mingine ikiwa imekaa mshazari kwenye kona yake. Mpwa wangu alipoisogeza misikiti yake saba ikatazama pamoja, ramani ilibadilika uso palepale. Juu ya karatasi si lazima pawe kaskazini, lakini. Al-Idrisi, mchora ramani wa Kiarabu, kwenye ramani ya dunia aliyoikamilisha mwaka 1154 kwa mfalme wa Sicily, aliweka kusini juu.

Kinachobaki ni kigumu zaidi, nacho ni muda. Kilomita kama tano kusini mwa Bagamoyo kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Palikuwa na bandari pale. Leo mikoko imejaa na bahari imesogea. Mji haufi bila kuacha alama, na ramani isiyo na alama hata moja ya kilichokufa husomeka kama imechorwa jana jioni, hata ukiandika pembeni kwamba mji una miaka elfu. Kule Vienna, Austria, mwaka 1857 ilitolewa amri ya kubomoa ngome za mji, na mahali zilipokuwa pakawa barabara kubwa ya kuzunguka. Ngome haipo, umbo lake lipo.

Njia rahisi ya kupata hali hiyo ni karatasi nyembamba zinazoonyesha kilicho chini yake. Ya kwanza chora maji, visima na kijiji cha wavuvi. Weka ya pili juu, miaka mia imepita: ongeza soko, futa nyumba kumi zilizoungua. Ya tatu, bandari imejaa mchanga. Wenye kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa matabaka ya programu ya kuchorea, ila mimi napenda karatasi kwa sababu kufuta kunauma.

Jerry Gretzinger, Mmarekani, alianza mwaka 1963 kuchora ramani ya nchi isiyokuwepo. Aliiacha, ikalala darini karibu miaka 20, akairudia, na sasa ina vipande zaidi ya 3,000. Haamui peke yake kinachofuata. Ana pakiti ya karata alizozitengeneza mwenyewe. Hufunua moja na kutii inachosema, iwe ni kuongeza au kufunika alichokwisha chora. Nadhani amegundua ugonjwa wa sisi sote: mchoraji mmoja ana akili moja, na mji wa kweli umejengwa na watu wengi waliokuwa hawasikilizani.

Majina tuliyaweka mwisho. Alikuwa na Mtaa wa Joka na Mnara wa Giza, majina ya katuni. Watu wa pwani hawaiti hivyo. Hutaja kilichokuwepo kisha wanatia -ni. Forodhani. Mkunazini. Kule Tanga kuna Mikanjuni, na mkanju ni mkorosho.

Baada ya wiki mbili alirudi na ramani mpya. Visima 28, nilivihesabu. Upande wa bara, nyuma ya soko, ameandika Mkwajuni. Nikautafuta mkwaju kwenye uwanja ule, sikuuona, nikamuuliza umekwenda wapi.

"Ulikatwa, mjomba," akasema, akaigeuza karatasi ya juu kunionyesha ya chini yake. Ulikuwepo pale.