Kuzoea Dawa za Maumivu na Namna ya Kuziacha bila Kujidhuru

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa kwa sauti ya chini kwenye dirisha la dawa, lipo moja ambalo muulizaji hulizunguka kwa maneno mengi kabla ya kulitaja. Amekuwa akimeza vidonge vya maumivu tangu alipofanyiwa upasuaji, au tangu mgongo ulipomwanza, na sasa anaona hawezi kumaliza siku bila kuvimeza. Je, amekuwa mraibu? Mara nyingi swali hilo huja likiwa limeambatana na uamuzi uliokwisha kupitishwa nyumbani, kwamba vidonge vilivyobaki vitatupwa leo hii na jambo liishe. Makala haya yanaandikwa hasa kwa ajili ya mtu huyo, kwa sababu wasiwasi wake ni wa haki, lakini uamuzi wake unaweza kumdhuru kuliko vidonge vyenyewe.

Jambo la kwanza la kutazama ni jina lililo kwenye pakiti, tena si jina la biashara lililochapishwa kwa herufi kubwa, bali jina la dawa yenyewe ambalo kwa kawaida hukaa chini yake kwa herufi ndogo. Ikiwa ni parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki pekee, mwili haujengi utegemezi wa aina tunayoizungumzia hapa, na dawa inaweza kuachwa bila kupunguzwa hatua kwa hatua. Hatari zake ni za namna nyingine: parasetamoli ikizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima huweza kuharibu ini, nazo hizo mbili nyingine zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhoofisha figo. Upo pia mtego ambao wengi hawaujui, nao ni maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa ile ile inayomezwa ili kuyatuliza. Mtu anayesumbuliwa na kichwa mara kwa mara, akawa anatumia dawa hizi siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi 3, anapaswa kuushuku mtego huo. Na kwa vidonge vyenye kodeini, au vilivyochanganya dawa zaidi ya moja, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuuleta. Akiacha, kichwa huzidi kuuma katika siku za mwanzo, kisha kwa walio wengi hupoa.

Kundi linalostahili tahadhari ya kweli ni la dawa za jamii ya afyuni: mofini, kodeini, tramadoli, pethidini, oksikodoni, fentanili na ndugu zake. Kodeini hujificha katika vidonge vilivyochanganywa na parasetamoli na katika baadhi ya dawa za kikohozi, hivyo mtu anaweza kuitumia miezi mingi asijue kwamba yumo katika kundi hili. Akiongeza idadi ya vidonge kwa sababu mwili umeanza kuizoea kodeini, anaongeza pia parasetamoli bila kukusudia, na ini ndilo linalolipa. Tramadoli nayo imepewa sifa ya upole isiyostahili. Mbali na kufanya kazi kama afyuni, huchezea pia kemikali za ubongo zinazohusika na hisia za mtu, kama furaha na huzuni, na inapozidi miligramu 400 kwa siku hatari ya degedege hupanda, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa.

Watu huchanganya mambo matatu ambayo ni lazima yatenganishwe. La kwanza ni mwili kuizoea dawa: kidonge kilichotuliza maumivu kwa saa sita sasa kinatuliza kwa saa tatu, na haja ya kuongeza dozi inajitokeza. La pili ni utegemezi wa kimwili, ambapo vipokezi vya ubongo, uti wa mgongo na utumbo, yaani sehemu za seli ambazo dawa hujishikiza, vimekwisha kujipanga upya kulingana na dawa, kiasi kwamba ikikosekana ghafla mwili hulalamika. Haya mawili humpata karibu kila mtu anayetumia dawa hizi kila siku kwa wiki kadhaa, awe mwadilifu namna gani, na hayamfanyi kuwa mraibu. Uraibu ni jambo la tatu. Huonekana mtu anaposhindwa kujizuia ingawa anaona madhara: anakunywa zaidi ya alivyoandikiwa, anazunguka kwa waganga wawili watatu bila kuwaambia ukweli, anaficha pakiti, anameza kidonge ili apate usingizi au atulize huzuni ilhali maumivu hayapo, na sehemu kubwa ya mawazo ya siku yake inakwenda kwenye swali la wapi atapata kingine. Anayejiona katika maelezo haya anaugua ugonjwa wenye tiba, na kumwita mhuni hakumsaidii yeye wala familia yake.

Katikati ya utegemezi na uraibu upo udanganyifu mmoja wa mwili ambao nadhani ndio unaowaweka watu wengi kwenye dawa kwa muda mrefu kuliko walivyohitaji. Dozi inapokaribia kuisha mwilini, maumivu hurudi pamoja na uchovu na kukosa utulivu, na mgonjwa huhitimisha kwamba ugonjwa wake wa zamani bado upo. Huenda kweli upo. Lakini huenda pia kidonda kilikwisha kupona, na kinachouma sasa ni pengo kati ya dozi na dozi. Zaidi ya hapo, afyuni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuufanya mfumo wa fahamu uwe mwepesi zaidi wa kuhisi maumivu, na kwa mgonjwa wa namna hiyo kupunguza dozi ndiko kunakoleta nafuu.

Mtu akiacha ghafla hupatwa na kile kinachoitwa mitaani arosto. Kwa dawa za muda mfupi huanza ndani ya saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, kwa miayo isiyokoma, machozi, kamasi na jasho. Kisha huja vinyweleo kusimama, mboni za macho kutanuka, tumbo kusokota, kutapika, kuhara na kukosa usingizi. Hukolea siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku 4 hadi 10. Kwa tramadoli wengine hupata pia hofu ya ghafla, kuchanganyikiwa na hisia kama za shoti ya umeme. Hali hii kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye afya, ingawa kupoteza maji kwa kuhara na kutapika kunaweza kuwa hatari. Kinachoua zaidi huja baadaye. Baada ya siku chache tu bila dawa, mwili hupoteza mazoea yake, na mtu aliyeshindwa kuvumilia akarudi kwenye dozi yake ya zamani anameza kiasi ambacho sasa kinaweza kumzimia pumzi. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwatahadharisha waganga dhidi ya kuwakatia wagonjwa dawa hizi kwa ghafla, baada ya kupokea taarifa za arosto kali, maumivu yasiyodhibitika na hata watu kujiua.

Njia iliyo salama ni kupunguza kidogo kidogo kwa mpango uliokubaliwa na aliyeandika dawa. Mwongozo wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani wa mwaka 2022 unapendekeza kwamba mtu aliyetumia dawa hizi kwa mwaka mmoja au zaidi apunguze karibu asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi; aliyetumia kwa wiki au miezi michache anaweza kwenda kasi, kwa mfano asilimia 10 kwa wiki. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni rahisi, kwenye pakiti si rahisi. Mtu anayetumia miligramu 200 za tramadoli kwa siku, katika vidonge vya kapsuli vya miligramu 50, akiondoa kapsuli moja amekwisha kupunguza robo nzima. Akifika kapsuli mbili na kuondoa moja, amepunguza nusu. Ndiyo maana wengi husafiri vizuri mwanzoni halafu wakakwama mwishoni wakidhani wamekosa nia, kumbe ngazi zenyewe zimekuwa ndefu. Mfamasia anaweza kutafuta aina ya matone au vidonge vya kipimo kidogo, na katika dozi ndogo kabisa daktari anaweza kuongeza nafasi kati ya dozi moja na nyingine. Ikifika hatua ambapo dawa inatumiwa chini ya mara moja kwa siku, kwa kawaida inaweza kuachwa. Vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole visikatwe, visitafunwe wala kusagwa, kwa kuwa dozi ya saa 12 au 24 inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo mmoja.

Hatua ikiwa ngumu, mpango unaruhusu kusimama hapo kwa wiki kadhaa. Kusimama ni bora kuliko kurudi juu, na ni bora mno kuliko kujaza pengo kwa pombe au vidonge vya usingizi kama diazepamu, ambavyo vikikutana na afyuni hupunguza upumuaji kwa pamoja. Anywe maji ya kutosha, na maji yenye chumvi za kurudishia maji mwilini akiharisha. Dawa ya kuzuia kuhara ya loperamidi isizidi kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Maumivu yenyewe pia yatafutiwe tiba nyingine tangu mwanzo, ikiwemo mazoezi ya viungo yanayosimamiwa na mtaalamu, badala ya kuyasubiri yarudi ndipo yashughulikiwe.

Wapo wasiopaswa kujaribu haya peke yao. Mjamzito asiache ghafla, kwani arosto inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Aende kliniki aseme wazi anachotumia. Anayetumia pia pombe nyingi au diazepamu kila siku anahitaji usimamizi wa karibu zaidi, maana kuacha hivyo viwili ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo. Vivyo hivyo aliyewahi kupata degedege, anayejidunga, na mwenye mawazo ya kujiua. Kwa mwenye uraibu, kupunguza dozi peke yake mara nyingi hakutoshi. Methadoni na buprenofini, dawa za jamii hiyo hiyo ya afyuni zinazotumika kutibu uraibu huu, ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2005, na maneno kwamba ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine hayana msingi: zikitolewa kwa kipimo sahihi huzuia arosto na tamaa, bila kupanda na kushuka kunakovuruga maisha ya mtu. Familia nayo ijue dalili za dozi kuzidi, yaani pumzi chache au za kukoroma, mboni ndogo kama ncha ya sindano, midomo kubadilika rangi na mtu kutoamka. Naloksoni, dawa inayozuia afyuni isifanye kazi, huziondoa dalili hizo, lakini nguvu yake inaweza kuisha kabla ya afyuni kuisha mwilini, hivyo mgonjwa apelekwe hospitali hata akizinduka.

Hofu hii yote isimfikie vibaya mgonjwa wa saratani au mwenye maradhi yasiyopona ambaye mofini ndiyo inayomwezesha kulala. Kwake utegemezi wa kimwili ni jambo la kusimamiwa na wahudumu wake, na kumnyima dawa kwa kuogopa uraibu ni kumwacha ateseke bila sababu.

Anayekwenda kuomba msaada abebe pakiti zote, pamoja na zile za dukani, na karatasi aliyoandika kwa siku saba kila kidonge, saa aliyokimeza na sababu yake. Karatasi hiyo humwonyesha daktari mengi ambayo mazungumzo ya dakika kumi hayawezi kuyafikia. Na mpango ukikamilika, vidonge vilivyobaki virudishwe famasi badala ya kuwekwa kabatini kwa ajili ya dharura, kwa kuwa dozi iliyoandikwa juu ya pakiti ile ni ya mwili ambao mgonjwa hana tena.