Usiizime furaha yako mapema

Watoto wakicheka sana hakosekani mtu mzima wa kuwaambia, "Chekeni tu, sasa hivi mtalia." Wengi tumekua na onyo hilo. Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Dodoma nakutana nalo kwa watu wazima kabisa. Mtu kapandishwa cheo, na kabla hajafurahi vizuri ameshaanza kuwaza nani atamwonea kijicho na lini mambo yatamharibikia. Mema hatuyakosi. Tunayazima kabla hayajatuingia moyoni.

Akili nayo inachangia. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi za saikolojia wakaona kwamba, karibu kila eneo, baya lina nguvu kuliko jema. Na ina mantiki: aliyepuuza hatari huenda asipate nafasi ya pili, lakini aliyepitwa na raha anaweza kuipata kesho. Ndiyo maana kejeli moja ya ofisini unalala nayo, na wema wote uliotendewa siku hiyo umeshausahau kabla ya magharibi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua mawazo ya furaha. Sikwambii ujidanganye kwamba kodi ya nyumba imeshalipwa. Nasema jema likija, ujipe muda wa kulifurahia. Fred Bryant wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, anatofautisha kupata jambo jema na kulionja. Unaweza kulipata usilionje.

Chukua zabibu. Huku kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika tunazila tukitembea, jicho kwenye simu, mpaka kinabaki kikonyo kitupu na hujui zilikuwa tamu au kali. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wakiulizwa kupitia simu, katikati ya shughuli zao, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 47 ya muda mawazo yalikuwa kwingine, na wakati huo furaha yao ilikuwa pungufu. Basi zioshe, kaa chini, chukua moja. Sikia ganda linavyopasuka, utamu unavyotangulia, na ule ukakasi wa mbegu unaobaki ulimini. Usiharakie ya pili. Fanya hivyohivyo kwa chai ya asubuhi ya Julai, baridi inapouma, au kwa harufu ya vumbi linapopata mvua ya kwanza baada ya miezi ya ukame.

Niseme wazi: mtu aliyezama kwenye sonona, asiyelala, asiyeona ladha ya chochote kwa wiki kadhaa, asiambiwe aonje zabibu. Huyo anahitaji matibabu, na Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, tunayo hapahapa mjini.

Kwa wengine sisi, njia ninayoipenda zaidi ni kusimulia. Shelly Gable na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kumshirikisha mwenzako jambo jema huongeza furaha juu ya ile iliyoletwa na jambo lenyewe, hasa msikilizaji akilipokea kwa moyo. Ukiogopa husuda, chagua mtu mmoja unayemwamini. Na mwenzako akirudi na habari njema, usimjibu "haya, hongera" huku macho yako kwenye taarifa ya habari. Punguza sauti ya televisheni, mgeukie, umuulize: walikwambiaje? Ulijisikiaje? Ikawaje baada ya hapo?