Kuziba mshipa uliovimba hakuukoseshi mguu damu

Katika soko la Mgandini jijini Tanga, ambako wauzaji husimama tangu asubuhi, wapo wenye mishipa iliyovimba na kujisokota miguuni wanaokataa tiba wakiamini kwamba mshipa ukizibwa au kuondolewa, damu itakosa njia na mguu utakufa. Hofu hiyo haina msingi. Takriban asilimia 90 ya damu ya mguuni hurudi moyoni kupitia vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ndani, katikati ya misuli. Ile inayotuna chini ya ngozi vali zake, vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, zimekwisha kulegea, damu inashuka badala ya kupanda, na kuifunga ni kuupunguzia mguu mzigo. Ndiyo maana daktari hutangulia kupima kwa ultrasaundi, ahakikishe vena za ndani ziko wazi. Kisha huichoma ile iliyovimba kwa leza au mawimbi ya redio baada ya kuutia mguu ganzi, au huidunga dawa ya povu. Upasuaji wa kuing'oa nao bado upo. Kwa kawaida mgonjwa aliyetibiwa kwa leza hutembea siku hiyo hiyo, ingawa maumivu na alama za damu iliyovilia huweza kudumu wiki kadhaa. Soksi za kubana (na kuzivaa katika joto la Tanga si jambo dogo) hupunguza uvimbe, haziponyi vali. Baada ya miaka, mishipa mingine huweza kujitokeza.