Uhakiki wa kuponda unavyogeuka kuwa tangazo la kitabu

Msomaji mmoja aliandika hivi kuhusu riwaya ya rafiki yangu: "Nilikianza saa mbili usiku nikitegemea hadithi ya mapenzi. Hakuna mapenzi humu. Kuna matanga tu, ukurasa hadi ukurasa, na ndugu wanaogombania mashamba ya mikarafuu. Sikipendekezi." Akakipa nyota moja.

Rafiki yangu alinipigia usiku huohuo, sauti imemkauka. Alikuwa ameyasoma maneno yale hadi akayahifadhi. Alitaka kujibu, na jibu alikwisha kuliandaa, refu, lenye kumweleza msomaji kwamba hakuelewa. Nilimwomba asilitume. Nikamwomba kitu kingine: aniruhusu niyaandike maneno yale kwenye kipande cha manila na kukisimamisha mezani, mbele ya kitabu, Jumamosi tutakapokwenda kuuza.

Hicho ndicho kinachoitwa kugeuza uhakiki wa kuponda kuwa tangazo. Unachukua maneno ya mtu aliyekikataa kitabu, unayaweka mbele ya wanunuzi yakiwa vilevile alivyoyasema, kwa sababu maneno hayo yanakieleza kitabu kwa namna itakayomvuta msomaji wa aina nyingine. Aliyeandika "matanga tu" alikuwa anasema kweli. Riwaya ile inahusu matanga na urithi. Kasoro aliyoiona yeye ndiyo iliyokuwa roho ya kitabu, na mahali fulani yupo mtu anayetafuta kitabu cha namna hiyo.

Dhana hii huchanganywa na kurushiana vijembe. Sisi tuna mila ndefu ya kumjibu msemaji: kuna mipasho ya taarabu, kuna kanga iliyoandikwa "Semeni mchoke" inayovaliwa makusudi mtu apite nayo mlangoni kwa jirani. Ni sanaa, na ina utamu wake. Lakini mpasho humlenga aliyesema, na msomaji aliyetoa nyota moja amekwisha kusoma na kuamua, kumrudi hakukuuzii nakala hata moja. Tangazo humlenga yule ambaye bado hajasoma.

Kwa nini uhakiki mbaya uuze kitabu? Mwaka 2010 watafiti watatu wa Marekani, Jonah Berger, Alan Sorensen na Scott Rasmussen, walichapisha katika jarida la Marketing Science matokeo ya kufuatilia mauzo ya riwaya zilizohakikiwa na gazeti la New York Times. Kwa waandishi waliokwisha kupata jina, uhakiki mbaya ulishusha mauzo kwa asilimia 15 hivi. Kwa waandishi wasiojulikana, uhakiki mbaya uliyapandisha kwa asilimia 45.

Tarakimu hizo zinaeleweka ukizitazama kutoka upande wa mwandishi mchanga. Adui yake mkubwa ni kutojulikana. Watu hawajakikataa kitabu chake, hawajui tu kwamba kipo. Uhakiki, hata wa kumponda, humtia masikioni mwa watu. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, watu walisomeshwa hakiki kisha wakaulizwa kama wangenunua, wengine papo hapo, wengine baada ya muda kupita. Kwa kitabu kisichojulikana, ule ubaya wa uhakiki ulififia kadiri muda ulivyokwenda. Jina la kitabu likabaki kichwani, matusi yakapotea njiani. Kwa kitabu cha mtu mashuhuri haikuwa hivyo, kwa sababu huyo jina lake lilikuwa masikioni tangu awali na uhakiki ulichomwongezea ni doa tu.

Kwa hiyo methali yetu ya "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", ambayo waandishi wengi huishika kama kinga ya kutokitangaza kitabu chao, haiwasaidii. Kitabu kizuri kilichokaa ndani ya boksi chini ya kitanda hakijiuzi.

Aliyelijua hili mapema sana ni Walt Whitman, mshairi wa Marekani. Mwaka 1855, huko Brooklyn, alichapisha kwa gharama zake Leaves of Grass, kitabu chembamba chenye mashairi 12 yasiyofuata vina wala mizani. Jina lake halikuwapo hata kwenye ukurasa wa mbele, ila picha yake tu, amesimama na shati lililofunguliwa shingoni. Kikauzwa kwa shida. Hakiki zikaanza kuja, na nyingine zilikuwa kali kwelikweli. Jarida la Critic la London lilisema kwamba Whitman hajui sanaa kama vile nguruwe asivyojua hesabu. Gazeti moja la Boston lilitaka mwandishi wa kitabu kile afukuzwe katika jamii ya watu wenye heshima.

Alipotoa toleo la pili mwaka 1856, Whitman aliongeza mwishoni sehemu ya barua na hakiki. Akaweka za sifa, na akaweka za kuponda pia, ile ya nguruwe na hesabu ikiwa mojawapo. Mwaka 1860 wachapishaji wake wa Boston walitoa kijitabu cha kurasa 64 cha kugawa bure, chenye hakiki za kila namna, nzuri na mbaya. Mtu aliyekipokea alijionea mwenyewe kwamba huyu mshairi kuna wanaomwona nabii na kuna wanaomwona mnyama. Sasa nani angeweza kulala bila kutaka kujua ni kipi kilichomo humo?

Simsifu Whitman kwa yote. Baadhi ya hakiki nzuri za mwanzo aliziandika yeye mwenyewe bila kutaja jina, akazipeleka magazetini. Na barua ya pongezi aliyoandikiwa na Ralph Waldo Emerson, mwandishi mashuhuri wa Marekani wakati ule, barua ya mtu kwa mtu, aliichapisha bila ruhusa, tena maneno yake mengine akayapiga kwa dhahabu kwenye mgongo wa toleo la pili. Jambo la kushangaza ni kwamba katika matangazo yake yote, sehemu iliyokuwa na uaminifu zaidi ni ile ya matusi. Sifa alizitengeneza nyingine na nyingine akazichukua bila kuomba. Matusi aliyaacha kama yalivyo.

Miaka mia na zaidi baadaye, Mskoti Iain Banks alitoa riwaya yake ya kwanza, The Wasp Factory, Februari 1984. Msimulizi ni kijana wa miaka 16 anayeishi kisiwani, anatesa wanyama, na anasimulia kwa utulivu jinsi alivyoua watoto wenzake. Baadhi ya wahakiki walichukia. Gazeti la Irish Times lilikiita kitabu hicho upotovu usio na mfano. Lilipotoka toleo la jalada jepesi, wachapishaji waliweka ndani hakiki zilizokisifu, na pamoja nazo wakaweka zilizokilaani, bila kuzipunguza makali. Mnunuzi aliyesimama dukani alisoma mtu mmoja akisema kitabu ni cha kipaji cha pekee na mwingine akisema ni uchafu. Hapo akajua anachokinunua. Ambaye hana moyo wa kusoma habari za ukatili alikirudisha kwenye rafu, na hilo nalo ni faida, maana yule ndiye angekuja kuwa mtoa nyota moja mwingine.

Faida hiyo ya pili watu huisahau. Uhakiki wa kuponda ukiwekwa wazi huchuja. Humwita anayefaa na humuonya asiyefaa, na kitabu kikifika kwa watu wake, maneno yanayofuata huwa mazuri zaidi.

Kupigwa marufuku nako hufanya kazi kama uhakiki wa kuponda uliopewa meno. Machi 1885 maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, ilikiondoa kitabu cha mwandishi wa Marekani Mark Twain cha Huckleberry Finn ikisema ni takataka inayofaa vitongoji vya walalahoi. Twain akamwandikia mtu wake wa uchapishaji kwamba hilo litawauzia nakala 25,000 bila shaka.

Na kwetu? Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Ni habari ya binti aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, na yanayompata anapotoka chini ya macho ya baba huyo. Walioiponda waliona inazungumza waziwazi mno mambo ya mwili, ikapigwa marufuku shuleni. Riwaya ikaendelea kusomwa, na miaka mingi baadaye ikaingia darasani kama kitabu cha kiada. Hakuna aliyepanga tangazo lile. Lakini ukitazama walioipinga walivyoieleza, walikuwa wakimwambia kila kijana wa Tanzania kwamba kuna kitabu kinachosema yale ambayo wazazi wake hawayasemi.

Mwaka 1974 Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyo na vina wala mizani ya kawaida, na hapo mzozo ukawa mkubwa zaidi. Wanamapokeo, yaani watetezi wa ushairi wa vina na mizani, walisema hayo si mashairi ya Kiswahili hata kidogo. Yeye alikwisha kuutetea mtindo wake katika utangulizi wa diwani hiyo hiyo: alitaka kutumia lugha ya kawaida, ile ambayo watu wanazungumza kila siku. Aliitaja lawama kabla haijaja na akasema ndicho alichokusudia. Hadi leo mwanafunzi akifundishwa mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, Kichomi hutajwa, na wale waliosema "haya si mashairi" ndio waliosaidia kukiweka hapo. Mimi binafsi naona huu ndio mfano bora kuliko wote, kwa sababu haukuhitaji hila. Ulihitaji mwandishi anayejua vizuri alichokiandika.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Si kila uhakiki mbaya unafaa. Ukisoma malalamiko, jiulize: anachokilalamikia ni ladha au ni kasoro? "Kiswahili chake ni cha pwani mno, nililazimika kufungua kamusi" ni ladha, na mpenzi wa Kiswahili cha pwani akisoma hivyo atatoa pesa mfukoni. "Hakuna mhusika hata mmoja wa kumpenda", "kimenikosesha usingizi", "mwisho wake unaumiza", "ni kirefu kama safari ya treni": zote hizo ni ladha. Lakini "kurasa zimechapwa mara mbili", "majina ya wahusika yanabadilika katikati", "tarehe za historia si za kweli", hizo ni kasoro. Hazina wa kuvutwa nazo. Zirekebishe katika toleo lijalo na umshukuru aliyeziona. Ipo na aina ya tatu, nzito kuliko zote: msomaji anayesema kitabu kimewadhalilisha watu wake, au kimechukua habari ya maisha yake bila ridhaa. Huyo usimfanye tangazo kamwe. Kaa naye, msikilize. Akutukanaye hakuchagulii tusi, ndiyo, lakini si kila anayelalamika anatukana.

Ukishapata maneno yanayofaa, usiyaguse. Ule mchezo wa kukata sentensi, mhakiki ameandika "kitabu cha ajabu kwa uvivu wake" na jalada likaandika "kitabu cha ajabu", ni uongo mtupu, na msomaji akigundua hatakuamini tena hata ukisema kweli. Nguvu yote ya jambo hili iko kwenye ukweli kwamba mwandishi ameyaacha maneno yanayomuuma yabaki yanauma. Ndiyo maana hata kujitungia hakiki mbaya za uongo ili kuzua gumzo hakufai. Marekani tangu Oktoba 2024 ina kanuni inayokataza hakiki za kubuni, ziwe za sifa au za kuponda. Hata pasipokuwa na kanuni, kumdanganya mtu anayehesabu senti zake za kununua kitabu ni vibaya.

Pia usiongeze maelezo marefu pembeni. Maneno ya msomaji, kisha mstari mmoja unaosema kitabu ni cha nini, basi. Na jina la msomaji wa kawaida usilitaje, yeye si gazeti. Hakuandika ili awe bango.

Jumamosi ile kipande cha manila kilisimama mezani tangu asubuhi. Wengi walikisoma wakatabasamu wakapita. Kama saa tano hivi akaja mama mmoja mtu mzima, akayasoma maneno yote polepole kwa sauti ya chini, akaweka kidole kwenye neno "mikarafuu".

"Matanga ya wapi haya?"

"Pemba, mama."

"Wanagombania shamba la nani?"

Rafiki yangu akamwambia: la babu, aliyekufa bila kuandika wasia. Yule mama hakuuliza bei. Alifungua pochi, akachukua nakala mbili, moja akasema ni ya kaka yake.

Riwaya ilipofikia kuchapwa tena, tuliona maneno yale yaende nyuma ya jalada. Safari hii tulimtafuta yule msomaji wa nyota moja tukamwomba ruhusa. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akakubali kwa sharti moja: lile neno la mwisho, "Sikipendekezi", lisiondolewe. Halikuondolewa. Lipo pale nyuma, kwa herufi zilezile, juu kidogo ya bei.