Madaftari Mawili Yasiyoachana: Dhana Potofu Kuhusu Msuguano

Chukua madaftari mawili ya kurasa 96. Pishanisha karatasi zake moja moja, ya hili juu ya ile ya lile, hadi ziishe. Sasa wape wanafunzi wawili wenye misuli washike migongo ya madaftari na kuvuta. (Wakae chini, jalada likichanika ghafla wataanguka chali.) Hayaachani, na darasa zima litakuwa na maelezo.

Dhana: Yamenatana, au hewa imeyabana.
Ukweli: Vuta karatasi moja tu kutoka kwenye rundo lililolegea. Inateleza bila shida.

Dhana: Karatasi ni nyingi, basi misuguano midogo imejumlishwa.
Ukweli: Hii ni nusu ya jibu. Ingekuwa kujumlisha tu, karatasi zikiwa maradufu nguvu nayo ingekuwa maradufu. Kumbe huongezeka zaidi ya hapo. Sehemu zilipopishana rundo ni nene kuliko kwenye mgongo, kwa hiyo karatasi za nje hutoka mgongoni zikiwa zimeinama. Ukizivuta, zinakandamiza zile za katikati. Yaani mvutaji mwenyewe ndiye anayeyafunga madaftari, na akizidisha nguvu anazidi kuyafunga. Watafiti wa Ufaransa na Kanada walilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 2016.

Dhana: Kitu laini lazima kiteleze.
Ukweli: Buruta ufutio kwenye kioo safi kikavu, uone.

Dhana: Msuguano huanza kitu kikisogea.
Ukweli: Madaftari yale hayasogei, na msuguano ndio unaoyazuia. Ukivuta kidogo, msuguano unajibu kidogo. Ukiongeza nao unaongezeka, mpaka ufike kikomo chake.

Dhana: Eneo kubwa la mgusano, msuguano mkubwa.
Ukweli: Funga rababendi kwenye kipande cha mbao, ukivute mezani huku rula ikipima rababendi inavyorefuka. Kilaze bapa, kisha kisimamishe kwa ubavu wake mwembamba: vipimo vitakaribiana sana. Weka kitabu juu yake, rababendi itarefuka zaidi. Mwanasayansi Guillaume Amontons wa Ufaransa alilitangaza hilo mwaka 1699, na bado linawashangaza watahiniwa.

Mwanafunzi makini atabisha: mbona madaftari yaliyopishana kwa kina hushika zaidi? Swali zuri. Yakiingiana sana, nafasi kati ya mgongo na rundo hupungua, karatasi huinama zaidi, na mkandamizo huongezeka. Kilichobadili matokeo ni mwinamo.