Mkono wa Gia Ukiyumba, Usikimbilie Kushusha Giaboksi

Jana mteja kaniletea Golf 2 ikiwa na giaboksi ya mtumba kwenye buti. Kaambiwa ya kwake imekufa, eti kwa sababu mkono wa gia unayumba na namba tatu haijulikani iko wapi. Nimelala chini, giaboksi yake nzima. Kilichokwisha ni bushi za plastiki, vile vipete vya kwenye maungio, kwenye linki, yaani fimbo zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi. Hela imeshakwenda, na inaniuma, maana ukaguzi wenyewe unataka watu wawili na dakika chache tu.

Gari ikae kwenye stendi, siyo jeki peke yake, injini imezimwa. Mmoja aingize gia polepole, mwingine aangalie shafti ya selekta, ile fimbo inayochagua gia, pale inapoingia kwenye giaboksi. Mkono ukitembea na shafti imetulia, tatizo liko njiani, kwenye viungo. Shafti ikimaliza safari yake yote na gia bado inakwaruza ukiendesha, hapo ndipo tuzungumze klachi na sinkronaiza, pete za ndani zinazosawazisha mwendo gia iingie bila kukwaruza.

Viungo hivyo vimefuatana, kwa hiyo ulegevu unajumlishana. Tuseme viko vinne na kila kimoja kina nusu milimita: tayari una milimita 2. Mkono ukiwa na uwiano wa 4 kwa 1, kiganja kinapata milimita 8. Ukikagua kimoja kimoja, hakuna utakachosema kimekufa, ndipo lawama inaishia kwenye giaboksi.

Wateja wakishaelewa hapo wanakuja na la pili, linalonichosha zaidi: "Kaza tu, fundi." Wengine wanachomelea kabisa! Jamani, kiungo cha linki kina kazi mbili. Kwenye kusukuma na kuvuta kisiwe na nafasi. Kwenye kugeuka na kuinama kiwe huru. Injini imekaa juu ya mipira. Ukikanyaga mafuta inajipinda na giaboksi inakwenda nayo, wakati mkono umefungwa kwenye bodi. Kiungo kisichoinama kitaivuta selekta kila unapoongeza mwendo, na gia inaweza kuchomoka yenyewe. Mwenye gari ataambiwa tena giaboksi imekufa. Hata bushi iliyobanwa kupita kiasi ni hasara: springi inashindwa kurudisha mkono katikati, na huhisi tena gia inapokaa.

Mimi nakerezesha fimbo mpya ya linki kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, thredi za M8 (milimita 8), upande mmoja ya kulia, mwingine ya kushoto. Kila ncha inavaa rodendi, ile tufe ndogo inayogeuka ndani ya pete. Kwa thredi hizo mbili unazungusha fimbo tu na urefu unabadilika. Ukipata mahali pake, funga nati za kukazia. Rodendi chukua zenye teflon ndani, ile plastiki inayoteleza. Za chuma kwa chuma zinataka grisi, na grisi chini ya gari inashika mchanga. Weka pia washa, kile kipete bapa cha chuma, iliyo pana kuliko tundu la pete, ili tufe ikichomoka fimbo isidondoke.

Pasipohitaji kuinama, bushi ya kukereza inatosha, ila siyo ya nailoni yenye kipimo cha kubana. Nailoni inakunywa maji na kuvimba. Pita kwenye maji ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, masika uone mkono unavyokuwa mzito. Asetali, plastiki ngumu isiyovimba hivyo, ni bora zaidi, au bronzi.

Kuna jambo bado nasitasita. Plastiki ya kiwandani inameza mtetemo, rodendi haimezi kitu. Gia zinaingia safi sana, lakini mlio wa giaboksi unapanda hadi kiganjani. Gari ya mashindano, sawa. Gari ya kupelekea watoto shule, kuna siku naona bushi mpya za kawaida zingetosha. Kwa sasa kwenye gari hizo naweka rodendi upande wa giaboksi tu, na karibu na mkono naacha plastiki.

Wenye gari ambazo mkono wa gia unavuta kebo, fimbo haziwahusu. Angalieni bushi za ncha za kebo. Zikiwa nzima na mkono bado mzito, chomoeni kebo kwenye giaboksi mjaribu tena. Mkono ukibaki mzito, mara nyingi kebo inakwama ndani. Hiyo badilisheni, haikerezwi.